Taa ya Shingoni

"Shingo yako ni baridi, msichana. Kwani hukubeba sweta?"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza Subilaga aliyoyasikia kutoka kwa mwenza wake, na nusura aruke kutoka kwenye kiti. Sauti haikutoka mbele wala nyuma. Ilikuwa imekaa mahali fulani nyuma ya sikio lake la kulia, ndani ya mfupa, kama wimbo unaomng'ang'ania mtu tangu asubuhi.

"Amefika?" akauliza afisa wa kaunta ya uwanja wa ndege, mwanamume mnene mwenye tai ya manjano, huku akiikaza kola aliyomvisha Subilaga shingoni.

"Amefika. Ananiuliza sweta."

"Wote huuliza sweta. Nairobi mwezi wa saba si mchezo. Msalimie basi, asije akadhani umemnunia."

Subilaga akajikohoza. "Shikamoo, Mama."

Kicheko kikubwa kikatetemesha mfupa wa sikio lake. "Haiya! Wamenipa Mtanzania! Marahaba, mwanangu, marahaba. Huku kwetu hata mtoto wa chekechea ananiambia 'sasa'. Mimi naitwa Mama Mumbua. Wewe?"

"Subilaga. Natoka Tukuyu, Mbeya."

"Toa ulimi," akasema afisa.

Subilaga akautoa, na afisa akadondosha tone moja la ndimu. Uso wa Subilaga ukajikunja. Nyuma ya sikio, Mama Mumbua akapiga kelele ya furaha kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Ndimu! Ai, ndimu! Mwambie aongeze!"

"Anasema uongeze."

"Wote husema niongeze," akasema afisa, akaongeza.

Ndivyo kola ilivyopimwa. Ndani yake mlikuwa na nyuzi laini kuliko nywele zilizoshika ngozi ya shingo na kusoma habari zilizopita kwenye mishipa ya fahamu: ladha, harufu, sauti, joto, mguso wa kiganja. Mbali na hapo, kwenye kitanda chake mtaa wa Buruburu, Mama Mumbua alivaa kofia yenye nyuzi kama hizo, naye akazipokea habari zile kana kwamba ulimi ni wake na miguu ni yake. Mbele ya kola kulikuwa na jicho dogo la kioo ili mwenza aone, na chini ya jicho, taa ya kijani yenye ukubwa wa punje ya mahindi. Mawazo hayakusomwa. Ukitaka mwenza akusikie, ilibidi ufungue mdomo useme.

Mpango uliitwa Tembea Nami. Abiria wa kuunganisha ndege hakuruhusiwa kutoka uwanjani, ila akiwa tayari kumbeba mkazi mmoja wa jiji asiyeweza kutoka kitandani. Abiria alipata jiji zima kwa siku moja, pamoja na mwenyeji wa kumwongoza. Mwenyeji alipata miguu. Subilaga alikuwa na siku nzima mbele yake. Ndege ya Dakar ingeondoka jioni, na huko Dakar kazi ya kwanza ya maisha yake ilikuwa ikimngoja, kwenye mtambo wa kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa. Alikuwa mtu wa kuamini mambo. Aliamini kwamba maji safi yangeweza kumfikia kila mtu katika uhai wake, na aliamini vilevile kwamba hakuna siku inayostahili kupotezwa kwenye kiti cha chuma cha uwanja wa ndege.

"Sheria ni moja," afisa akasema, akiigonga ile taa kwa kucha. "Hii isifunikwe. Watu wana haki ya kujua mko wangapi."

"Ikifunikwa kola inapiga kelele?"

"Haipigi. Kola haijui. Hilo tumewaachia ninyi wenyewe. Lakini kesi ni ya yule aliyefichwa taa. Akilalamika, leo hupandi ndege."

Subilaga akatabasamu. Chuoni aliwahi kusimama kwenye mdahalo kuitetea taa hiyohiyo mpaka sauti ikamkauka. "Usiwe na wasiwasi, kaka," akasema. "Mimi ni mtu wa taa."

* * *

"Kaa dirisha la kushoto," Mama Mumbua aliagiza walipopanda treni ya kwenda mjini, "utaona twiga."

Na kweli, hata kabla treni haijashika kasi, twiga wawili walikuwa wamesimama kwenye nyasi upande wa pili wa uzio, shingo zimeelekea relini, kama abiria waliochelewa. Subilaga akacheka peke yake. Mwanamke wa kiti cha mbele akageuka, akaiona taa, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Hamjambo?"

"Hatujambo," Subilaga akajibu, na Mama Mumbua akajibu vilevile nyuma ya sikio, ingawa hakuna aliyemsikia.

Hayo yalikuwa mazoea ya jiji lile. Ukiwa na taa shingoni, watu walikusalimu kwa wingi. Muuza vitabu aliwaambia karibuni. Kinyozi aliyesimama mlangoni pake aliwauliza wanatoka wapi wote wawili. Kwenye kilima cha bustani kubwa katikati ya mji, wazee waliokuwa wakicheza drafti walisogea ili mwenza aone vizuri, na Mama Mumbua akampa Subilaga ushauri mbaya kiasi kwamba mzee aliyeufuata alipoteza kete tatu kwa mpigo.

"Mwambie pole," akasema Mama Mumbua.

"Anasema pole."

"Mwambie asije kamwe kucheza hapa!" mzee akafoka, na wenzake wakamcheka mpaka wakashika mbavu.

Waliteremka kando ya Mto Nairobi. Subilaga aliwahi kusoma jinsi mto ule ulivyosafishwa. Sasa aliyaona mawe yaliyo chini ya maji, na ndege mdogo wa buluu akipiga mbizi. Alivua viatu akaingia mpaka vifundoni. Baridi ilimpanda hadi magotini.

"Ngoja," Mama Mumbua akanong'ona. "Usitoke kwanza. Mguu wangu wa kushoto haujasikia kitu tangu nilipopata kiharusi. Huu wako unasikia mchanga. Sogeza vidole."

Subilaga akasogeza vidole. Alikaa majini muda mrefu kuliko alivyopenda, mpaka meno yakaanza kugongana.

Ukingoni walinunua mahindi ya kuchoma. Muuzaji aliyachoma kwa kioo kikubwa kilichokusanya jua, akayapaka pilipili na ndimu. Subilaga akauma. Kabla hajameza, alisikia kukohoa kwa kutoridhika nyuma ya sikio.

"Matamu," Mama Mumbua akasema, "lakini hayana moshi. Tangu mkaa upigwe marufuku mjini, kila kitu kina ladha ya usafi." Sauti yake ikashuka. "Msichana, kaa hapo kwenye jiwe. Nina jambo nimelimeza tangu asubuhi."

Subilaga akaketi.

"Mimi nina hoteli yangu Kariokor. Si ya kulala watu, ni ya kula. Chapati na maharagwe, miaka thelathini. Watu walikuwa wanapanga foleni hadi barabarani. Mkaa ulipopigwa marufuku askari wa jiji walikuja wakabeba jiko langu, na mwezi huohuo nikaanguka. Nilipoamka, upande mmoja hausikii na mdomo hauonji. Uji, supu, chai, vyote ni kama kutafuna gazeti. Binti yangu Mumbua akashika hoteli. Nikimwuliza chakula kikoje ananiambia, 'Mama, kiko vilevile.' Vilevile! Jiko halipo, mkaa haupo, mimi sipo, na chakula kiko vilevile?"

"Labda anakutuliza, Mama."

"Nikimwambia avae kola nionje kwa mdomo wake, leo ana mafua, kesho ana haraka. Sasa anataka kufungua hoteli ya pili kule Thika, na kesho asubuhi anataka neno langu. Nikisema ndiyo na chakula kimeharibika, jina langu litachekwa miji miwili. Nikisema hapana na chakula ni kizuri, nitakuwa nimemkata miguu mtoto wangu bure. Nataka kuonja. Basi."

"Twende sasa hivi!" Subilaga alisimama. "Si mbali, sivyo?"

"Si mbali. Lakini uifunike taa."

Subilaga akaketi tena.

"Mumbua akiiona atajua ni mimi," Mama Mumbua akasema. "Na hata asipojua, mpishi akiona taa anakuletea sahani ya maonyesho. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo. Nataka sahani anayopewa fundi wa baiskeli. Wewe una mtandio mabegani. Ukiuvuta kidogo tu, unaifunika. Jicho nalo litafunikwa, sitaona kitu. Sitaki kuona. Nataka ulimi tu."

Mto ulipita. Subilaga alilitazama gunzi la hindi mkononi mwake. Aliyakumbuka maneno yake mwenyewe kwenye ule mdahalo: kwamba mtu anayesikilizwa bila kujua ameibiwa kitu, hata kama hakikupungua kwenye mifuko yake. Ukumbi ulimpigia makofi. Siku ile hakuna aliyemwuliza kuhusu mwanamke wa Buruburu ambaye kila chakula kwake ni gazeti.

"Sikulazimishi," sauti ikasema, ndogo sana sasa. "Ukikataa tutaenda kuangalia twiga tena. Twiga ni wazuri."

Hapo ndipo moyo wa Subilaga ulipolainika. Ni maharage tu, alijiambia. Akauvuta mtandio mpaka nuru ya kijani ikazimika kifuani pake.

* * *

"Habari yako, dada," muuza viatu wa njiani alimwambia, na Subilaga akahisi kama mtu aliyemwacha mwenzake stendi. Hakuna tena aliyemwambia hamjambo. Alitembea haraka, akifuata maelekezo ya kulia na kushoto kutoka kwa mtu asiyeona.

Kibao juu ya mlango kiliandikwa KWA MAMA MUMBUA kwa rangi nyekundu. Ndani kulikuwa na meza ndefu, mabenchi, na kelele nzuri ya watu wenye njaa. Mhudumu, mzee mwembamba mwenye taulo begani, akamsogelea.

"Leta habari. Unakula nini?"

"Naomba chapati mbili na maharage, tafadhali."

Mhudumu akaweka mkono sikioni. "Unaomba?"

"Ndiyo, naomba..."

"Jamani, anaomba!" Meza nzima ikageuka. "Huyu ametoka Tanzania! Dada, hapa hatuombwi, hapa tunaamrishwa. Mumbua! Toka jikoni uje uone mtu mwenye adabu!"

"Huyo ni Wafula," Mama Mumbua akasema nyuma ya sikio, akijizuia kucheka. "Anajifanya kiziwi tangu nimwandike kazi." Halafu sauti ikabadilika. "Anakuja. Nasikia viatu. Anaburuza mguu wa kushoto tangu darasa la pili."

Mumbua alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aproni ya mistari imemzunguka mara mbili, unga mpaka kwenye viwiko. Alileta sahani mwenyewe. Akaiweka, akamtazama mgeni, akavuta benchi akaketi mbele yake bila kuulizwa.

"Niupumzishe mgongo hapa kidogo," akasema. "Kula, mrembo. Uniambie ukweli. Wageni ndio husema ukweli; hawa wengine wananiogopa."

Subilaga akamwambia kwamba ana ndege ya Dakar jioni. Harufu ilipanda. Subilaga alinawa, akamega chapati, akaikunja, akachota maharage. Nyuma ya sikio hakukuwa na pumzi. Mkono ukapanda kuelekea mdomoni.

Nyumbani kwao Tukuyu, tangu alipojifunza kutembea, hakuwahi kutia chakula kinywani mbele ya mtu bila kumkaribisha. Haikuwa kitu cha kufikiria. Ilikuwa kama kufumba macho unapopiga chafya. Na mtu aliyekuwa karibu naye kuliko wote, aliyesubiri tonge lile kwa hamu kuliko wote, hakuwa yule wa mbele yake.

"Karibu, Mama," akasema.

Tonge likasimama hewani.

Mumbua akageuka kuangalia nyuma yake. Hapakuwa na mtu. "Mama gani?"

"Mwambie ni mazoea!" sauti ikanong'ona haraka. "Mwambie unamkumbuka mamako nyumbani. Ataamini, ana huruma huyo."

Lakini haikuwa hata lazima kusema uongo, maana Mumbua alikuwa tayari anamsaidia kuutunga. Uso wake ulikuwa umelegea kwa upole.

"Pole, wewe. Umemwacha mama nyumbani, eh? Na unaenda mbali. Mimi wangu yuko kitandani." Akachora mstari kwenye unga uliomwagika mezani. "Unajua, wewe jioni utakuwa umeshapaa. Acha nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote, maana kinanikaba hapa. Hayo maharagwe—"

"Dada, subiri!"

Watu wa meza ya pili waligeuka. Subilaga alirudisha tonge kwenye sahani.

"Usiniambie bado," akasema. "Kwanza uone unamwambia nani."

Akaufungua mtandio.

Nuru ya kijani ikaanguka mezani, juu ya chapati, juu ya mikono ya Mumbua yenye unga. Hoteli ikanyamaza meza moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki sauti ya jiko likipuliza mvuke.

"Mko wawili," Mumbua akasema polepole.

"Ndiyo."

"Ni nani?"

"Usimwambie!" ikalia sauti nyuma ya sikio, halafu ghafla ikakatika, kwa sababu jicho nalo lilikuwa limefunguliwa. "Ai," Mama Mumbua akasema. "Amevaa aproni yangu."

"Anasema umevaa aproni yake," Subilaga akasema.

Mumbua alisimama kwa nguvu mpaka benchi likaanguka. "Mama! Umenitumia mpelelezi? Kwenye hoteli yetu? Mbele ya wateja?"

"Mwambie ningefanya nini, na yeye kila siku ana mafua!"

"Anauliza angefanya nini, na wewe kila siku una mafua. Lakini dada, mtandio niliufunga mimi. Yeye hana mikono hapa. Ukitaka kulalamika, lalamika juu yangu, afisa yuko uwanjani na jina langu ni—"

"Sina haja na jina lako!" Mumbua akaivuta sahani. "Na huonji! Mwambie hivyo. Hataonja!"

"Shika sahani!" Mama Mumbua akapiga kelele. "Msichana, shika sahani!"

Subilaga akaweka mikono yake yote miwili mapajani.

"Anasema nishike sahani," akasema. "Sitaishika. Ni yako, dada. Ukituambia tuondoke tutaondoka, na atakupa jibu la kesho bila kuonja. Nilikosea kukuibia. Sitaki nikosee mara ya pili."

Wafula akajikohoza. Mtu fulani mezani akasema, "Aah, mwache mama aonje," akanyamazishwa kwa kiwiko.

Mumbua alisimama na sahani kifuani, akiitazama taa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: akacheka, kicheko kifupi chenye machozi ndani yake.

"'Shika sahani,'" akasema. "Haki, namsikia kabisa. Hata bila kola namsikia." Akaliinua benchi, akaketi, akaongea na ile taa, si na Subilaga. "Mama, chakula hakiko vilevile. Walipobeba jiko, nilijaribu maharagwe yako kwenye jiko la umeme. Vipimo vyako vyote, kitunguu, dhania, kila kitu. Yakatoka kama ya hospitali. Kumbe moshi ndio ulikuwa nusu ya chakula na hakuna aliyejua, hata wewe. Wateja wakapungua. Wewe ulikuwa hujui hata kushika kijiko, daktari anasema usisumbuliwe. Sasa ningekuambia nini? Nikaanza kutafuta. Nimeharibu sufuria nyingi. Mwisho nikatia ukwaju, ule wa shambani kwa nyanyangu kule Kitui, na vitunguu nikavikaanga mpaka vikawa vyeusi. Si yako tena. Ndiyo hivyo. Nimekudanganya kila siku."

Akairudisha sahani mezani na kuisukuma mbele.

"Kula," akamwambia Subilaga. "Mpe."

Subilaga akachukua lile tonge. "Karibu, Mama," akasema tena, kwa sauti kubwa safari hii, na akatia mdomoni.

Kwanza ulikuja ulaini wa maharage, kisha utamu wa kitunguu kilichoungua kwa makusudi, na nyuma yake, polepole, uchachu wa ukwaju ulioamsha pande zote za ulimi. Alitafuna. Alimeza.

"Kula tena," Mama Mumbua akasema.

"Amesemaje?" Mumbua akauliza.

"Nile tena."

Akala tena. Wafula alikuwa ameacha kujifanya anapangusa meza.

"Usimeze upesi. Kula tena."

"Amesemaje?"

"Nile tena, nisimeze upesi."

Baada ya tonge la tatu, Subilaga alisikia kitu kama pumzi inayopita kwenye pua iliyoziba. Alingoja.

"Mwambie chumvi imezidi."

"Chumvi imezidi," Subilaga akasema, na hoteli nzima ikatoa mguno. Mumbua akafumba macho.

"Sijamaliza! Watu wa Kariokor hawana subira. Mwambie hayo si maharagwe yangu. Nimeyaonja ulimi mzima, simo humo hata kidogo."

Subilaga akasita. Maneno yalikuwa mazito, naye alitamani kuyalainisha. Lakini mdomo wake haukuwa wake peke yake siku ile, na alikuwa amechoka kufunikafunika. Akayasema yote kama yalivyo. Mumbua akainamisha kichwa.

"Na mwambie hivi," Mama Mumbua akaendelea, na sasa alikuwa analia waziwazi, "kule Thika asiandike 'Kwa Mama Mumbua'. Asiniandikie jina langu kwenye kazi ambayo sikuifanya. Aandike 'Kwa Mumbua'. Na herufi ziwe kubwa, watu wengine hawaoni vizuri."

Subilaga akayasema neno kwa neno. Mumbua aliinuka, akazunguka meza, akamkumbatia mgeni aliyekuwa hamjui saa moja kabla, akamkumbatia sana, unga ukabaki kwenye mgongo wa blauzi. Subilaga akajua si yeye anayekumbatiwa. Akainua mikono yake, akaikaza mgongoni mwa Mumbua kwa niaba ya mtu mwenye mkono mmoja usiosikia, na kwa muda mrefu hakusogea, ili nyuzi zifanye kazi yake.

"Amekonda," ikasema sauti nyuma ya sikio.

"Anasema umekonda."

"Nyamazeni nyote wawili," Mumbua akasema begani mwake. Kisha akainua kichwa. "Wafula! Watu wanangoja chakula!"

* * *

"Taa ilikaa wazi siku nzima?" afisa wa tai ya manjano akauliza bila kuinua macho. Ni wazi kwamba aliwauliza hivyo wote, na wote walijibu ndiyo.

"Hapana," Subilaga akasema.

Afisa akainua macho.

"Msichana, wewe ni mgonjwa?" Mama Mumbua akashangaa. "Nani amekulazimisha kusema?"

Subilaga alieleza kila kitu. Afisa alimsikiliza huku akiilegeza tai yake, kisha akapiga simu Kariokor. Alisikiliza, akasikiliza tena, akajaribu kusema neno akashindwa, mwisho akakata simu na kupangusa paji la uso.

"Aliyefichwa anasema kesi anayo, na hukumu ameshatoa. Ukipita Nairobi tena, ule kwake na taa ikiwa wazi. Ametaka pia kujua kama mimi nimekula." Akaandika kitu kwenye kioo chake. "Ndege utapanda. Lakini kola hutavaa mpaka mwaka uishe. Hiyo ni hukumu yangu mimi."

"Ni haki," Subilaga akasema.

"Unaweza kukaa naye mpaka waite ndege yako."

Alikwenda kuketi kwenye kile kiti cha chuma alichokikimbia asubuhi. Nje ya kioo, ndege zilikuwa zikiwashwa taa moja moja. Kwenye mapaja yake kulikuwa na furushi la moto ambalo Mumbua alimtupia dirishani treni ilipokuwa inaondoka.

"Mwaka si mrefu," Mama Mumbua akasema. "Mimi siendi popote. Huko Dakar ukiyapata hayo maji yako ya bahari, uyaonje vizuri, uje unisimulie. Na ununue sweta."

"Nitanunua, Mama."

"Umefungiwa nini humo?"

"Chapati. Na maharage."

"Amepunguza chumvi?"

"Bado sijaonja."

"Sasa unangoja nini? Watakuita sasa hivi."

Subilaga akafungua furushi. Mvuke wenye ukwaju ukampanda usoni, na abiria wa kiti cha pili akageuza kichwa, akaiona taa, akatabasamu. Subilaga akamega chapati kubwa kuliko kawaida, ya kuwatosha watu wawili.

"Karibu, Mama."

"Nimeshakaribia, mwanangu," Mama Mumbua akasema. "Kula."